Nani anapanga droni chini ya futi 400? Nauliza kutoka Naivasha

Ramani_Naivasha:

Wadau hamjambo. Kazi yangu ni kupiga ramani kwa droni, hasa mashamba ya maua kando ya barabara ya South Lake. Leseni ninayo, kampuni ninayofanyia kazi ina cheti cha uendeshaji, na droni imesajiliwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya. Nayasema haya mapema kwa sababu najua wa kwanza kujibu ataniambia nikatafute kibali.

Kisa chenyewe ni hiki. Juzi asubuhi nilikuwa juu ya mapaa ya plastiki ya shamba moja la waridi. Droni iko mita 100, inakwenda na kurudi kwenye mistari yake, mimi natazama juu na msaidizi wangu anachunga upande wa ziwa. Ghafla ng'ambo ya ua nikasikia muungurumo mzito. Droni ya kupulizia dawa, ile ya panga sita yenye tangi, inapanda. Kwa kawaida hizo hukaa chini kabisa, mita 3 au 4 juu ya mimea, lakini hii ilikuwa imemaliza tangi, ikapanda ivuke miti irudi kwa mwenyewe, na mstari wake wa kurudi unakata kona ya eneo langu. Sijakaa sawa, helikopta ya watalii ikatokea ufukoni, chini chini, inafuata ukingo wa mafunjo. Nikashusha droni mpaka karibu na paa, nikasubiri wote wapite.

Hakuna kilichogusana. Lakini baadaye nilipoongea na yule wa kupulizia, naye ana karatasi zake zote. Helikopta bila shaka ina zake. Yaani tuko watatu, wote halali, na hakuna aliyejua kwamba wenzake wapo.

Sasa naomba kuelimishwa. Kuna mtu yeyote, mnarani au ofisini, ambaye kazi yake ni kujua kwamba sisi watatu tuko pale? Nasikia Marekani na Ulaya kuna mfumo unaitwa UTM unaofanya hivyo. Unafanyaje kazi hasa? Maelezo mengi ninayoyaona ni matangazo ya biashara tu. Halafu kuna mteja anataka tumkagulie laini ya umeme kutoka huku hadi upande wa Mai Mahiu, nje ya upeo wa macho. Nikiomba kibali hicho nitaulizwa nitawaepukaje wengine. Nijibu nini? Rafiki yangu anasema tufungue grupu la WhatsApp la warushaji wote wa Naivasha. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Panga4:

Boss usijisumbue. Droni za siku hizi zina kipokezi cha ADS-B ndani yake, yaani kinanasa matangazo ya redio ambayo ndege hutoa kusema iko wapi, ndege ikikaribia rimoti inapiga kelele. Yangu hunionyesha ndege za abiria zikiwa bado mbali kabisa. Nunua yenye kipokezi, maisha yaendelee. Hiyo UTM ni ya nchi zenye droni mia moja kwa mtaa mmoja.

Rubani_wa_Nyika:

Panga4 kaka yangu, kipokezi chako kinamsikia anayesema tu. Ndege kubwa ya abiria inatangaza mahali ilipo, ndiyo maana unaiona. Lakini ndege ndogo na helikopta nyingi za huku chini hazina kifaa cha kutangaza ADS-B. Zina transponda ambayo hujibu ikiulizwa na rada, na kipokezi cha droni yako hakitakuonyesha hiyo iko wapi. Skrini tupu haimaanishi anga ni tupu.

Mimi huendesha ndege ya injini moja kwenye viwanja vya vumbi, kwa hiyo niwaambie hali ilivyo upande wangu wa kioo. Nikiwa mwendo wa noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, ninakwenda takriban mita 50 kwa sekunde. Droni ya upana wa mkono wako, hata nikibahatika kuiona ikiwa mita 500, nina sekunde 10 za kuitambua, kuamua na kugeuza ndege. Na kuna jambo baya zaidi. Jicho hukamata kitu kinachosogea. Kile ambacho mtagongana nacho hakisogei kwenye kioo, kinabaki palepale, kinaongezeka ukubwa tu, na ukubwa wenyewe huongezeka mwishoni kabisa.

Agosti 2021, uwanja wa Buttonville karibu na Toronto, Cessna 172 ilikuwa inakuja kutua, ndani yake mwanafunzi na mwalimu wake. Ikagonga droni ya polisi iliyokuwa imesimama hewani kwenye futi 400 hivi, ndani ya njia ya kutua. Macho manne mle ndani na hakuna aliyeiona. Walidhani wamegonga ndege mnyama. Panga na kifuniko cha injini viliharibika. Na hao wa droni walikuwa polisi, si watoto wa mtaani.

Sheria inaniambia nisishuke chini ya futi 500 nikiwa mbali na kiwanja na makazi. Inakuambia wewe usizidi futi 400. Nafasi yetu sote wawili ni futi 100, mita 30. Na helikopta, ndege za uokoaji, za kuhesabu wanyama, hizo huwa na ruhusa ya kushuka zaidi. Ramani, ulifanya vema kushuka. Wewe ndiye unayepisha, siku zote.

Mnara_Mstaafu:

Kijana, marahaba mapema, maana najua shikamoo inakuja. Nimeongoza ndege miaka mingi upande wa Tanzania, kando ya ziwa lile lingine kubwa. Sasa nafuga kuku. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hayupo. Na hata angekuwepo anayetaka kujua, asingeweza.

Mnara unategemea macho, redio na rada. Naivasha hamna mnara, kwa hiyo macho yametoka. Redio huna. Imebaki rada. Rada tunayoitumia zaidi huuliza na kungoja transponda ya ndege ijibu. Droni yako haina kitu hicho. Ile nyingine inayotegemea mwangwi wa mawimbi yake huwekwa makusudi ipuuze vitu vidogo vinavyokwenda polepole, vinginevyo skrini ingejaa korongo na mwewe. Tena mawimbi hayapindi kona. Mlima ukikaa katikati, kila kilicho chini nyuma yake kwa rada hakipo, nanyi huko mmezungukwa na kuta za Bonde la Ufa.

Nilipokuwa kazini kila ndege ilikuwa na kijikaratasi chake mbele yangu, kimetiwa kwenye kishikio cha plastiki: jina la wito, aina ya ndege, urefu, saa ya kufika. Nikimwambia rubani ashuke, nakata namba ya zamani kwa kalamu na kuandika mpya pembeni, kisha namsikiliza anirudishie maneno yangu. Ndege ikitoka mikononi mwangu nakiondoa kijikaratasi. Kazi nzuri, lakini ina kikomo chake. Vikizidi idadi fulani kichwa kinaanza kuchemka na unaita mwenzako. Sasa chukua droni za kupulizia za mashamba yote ya ziwa hilo, kila moja inapaa na kutua kila baada ya dakika chache kubadilisha betri na tangi. Hakuna mtu wala masafa ya redio yatakayotosha.

Ndiyo maana waliobuni UTM walimwondoa mtu wa mnara tangu mwanzo. NASA walianza majaribio ya hatua ya kwanza mwaka 2015 mashambani kusiko na watu, wakamaliza hatua ya nne 2019 katikati ya majengo ya Reno na Corpus Christi. Wazo lenyewe ni hili: badala ya kumwelekeza mtu akiwa hewani, anga linagawiwa kabla hajaruka. Unatangaza kipande chako: kona zake chini, mwisho wake juu, saa kinapoanza na saa kinapoisha. Ni ukumbi wa harusi huo. Harusi mbili zinaweza kufanyika ukumbi mmoja siku moja ilimradi saa zisigongane, na aliyeandika daftarini mwanzo ndiye mwenye haki. Wa pili atafute saa nyingine au ukumbi mwingine. Ambulensi na zimamoto hupewa kipaumbele hata wakichelewa kuandika.

Watu wengi hudhani kuna kompyuta moja kubwa ya serikali inayojua kila kitu. Hapana. Kila mrushaji anatumia kampuni yake ya huduma, au ni kampuni ya huduma mwenyewe. Kati yao kuna daftari la pamoja ambalo halihifadhi hata safari yenyewe. Ukiliuliza kuhusu mraba fulani, linakujibu tu kwamba kampuni fulani ina shughuli pale, nenda kaiulize. Kompyuta zinaulizana, zinaona kama vipande vimegongana, anayechelewa anapanga upya. Ukishapaa unatakiwa ukae ndani ya kipande chako angalau asilimia 95 ya muda. Ukitoka, hali yako inabadilishwa na majirani wanaarifiwa.

Sasa sikiliza udhaifu wake. Mfumo huu unawalinda walioandikishana. Asiyeandika haumwoni kabisa. Oktoba 2025 huko Tolleson, Arizona, droni 2 za kampuni moja, kubwa, zenye kila aina ya vihisi, ziligonga mkono wa kreni ileile, moja baada ya nyingine. Kwako wewe, kreni ilikuwa ile helikopta.

Wazungu wa Ulaya wameliona hilo. Kanuni yao ya U-space, inayotumika tangu Januari 2023, inasema kwamba katika maeneo yaliyotengwa, hata ndege yenye rubani ambayo haiongozwi na mnara lazima itangaze kielektroniki mahali ilipo. Mzigo umegawanywa. Marubani wa ndege ndogo hawakufurahi, na siwalaumu, vifaa vina gharama.

Kwetu Afrika tumetumia njia nyingine: tenga anga, waweke droni peke yao. Malawi walifungua eneo la Kasungu mwaka 2017, nusu kipenyo kilomita 40, hadi mita 400 juu. Mwaka 2018 droni ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara na kivuko hayo ni masaa. Uzuri wa njia ile ni kwamba sehemu kubwa ni maji, na juu ya maji huna majirani wengi. Wewe una waridi, watalii, umeme na jirani mwenye tangi. Huwezi kutengewa anga la South Lake.

Kwa hiyo grupu la WhatsApp usilicheke. Ni daftari la ukumbi. Likiwa na nidhamu litakuokoa kuliko programu ya bei ghali ambayo jirani yako hana. Lakini ujumbe wa "leo niko shamba la fulani" si taarifa, ni salamu. Andika kipande: kona, urefu, saa ya kuanza, saa ya mwisho, namba ya simu itakayopokelewa ukiwa kazini. Ukimaliza mapema andika umemaliza, ili mwenzako apate nafasi. Na wa kwanza kuingizwa kwenye grupu wawe wale walioko juu: kambi ya helikopta na wenye viwanja vya ndege vya mashambani. Grupu la warushaji droni peke yao ni nusu ya dawa.

Mkenya_Mesquite:

Mzee amemaliza, mimi niongeze ya huku tu. Nakaa Mesquite, mashariki ya Dallas. Hapa droni za mizigo ni za kila siku, na si za kampuni moja. Julai 2024 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliwaruhusu Wing na Zipline kuruka nje ya upeo wa macho katika anga lilelile la Dallas, wakipangana wenyewe kwa kompyuta kama alivyoeleza Mzee. FAA wameweka masharti na wanakagua, lakini hakuna mtu wa FAA anayesema "wewe pinda kulia". Mzigo wenyewe unateremshwa kwa kamba. Mama mkwe alipokuja kutoka Nyeri alisimama uani akitazama, akauliza majirani wamelipwa kiasi gani kwa kupitiwa juu ya nyumba. Sikuwa na jibu.

Nikuongezee jambo moja, Ramani, kuhusu programu za simu ambazo watu wanazisifia. Ile ya kuomba ruhusa karibu na uwanja wa ndege inaitwa LAANC. Ramani ya anga imegawanywa miraba, kila mraba una urefu wake: futi 0, 100, 200, hadi 400. Unaomba, unajibiwa ndani ya sekunde. Tamu sana. Lakini inakuambia tu kwamba mnara umekubali. Haikuambii kama kuna mtu mwingine mwenye droni kwenye mraba huohuo. Watu wawili wanaweza kupewa ruhusa mahali pamoja saa moja.

Halafu kuna kitambulisho cha mbali, FAA walianza kukikazia Machi 2024. Droni inatangaza namba yake, mahali ilipo na mahali alipo mrushaji, kwa Bluetooth au Wi-Fi. Inamsaidia askari aliyeko chini kujua nani anarusha. Kukwepana kwa hiyo? Masafa yake ni mafupi mno kwa ndege ya Rubani inayokula mita 50 kwa sekunde.

Na pamoja na yote hayo, Januari 2025 Los Angeles ikiungua, kukiwa na marufuku ya kurusha, jamaa mmoja alipeleka droni yake ndogo kuangalia moto. Ikatoboa bawa la ndege ya kuzima moto iliyokuja kusaidia kutoka Quebec. Ndege ikatua salama lakini ikatolewa kazini kwenda kutengenezwa. Hakuna daftari lililomzuia.

Panga4:

Sawa, kuhusu ADS-B nimeelewa, Rubani asante. Ila naona tatizo la grupu ambalo hamlisemi: biashara. Nikiandika kila siku niko shamba gani, kesho mwenzangu yuko getini kwa meneja na bei ya chini. Hapo nani ataandika ukweli?

Mkenya_Mesquite:

Hoja nzuri, na huku ilikuwa ugomvi huohuo, maana kampuni hizi ni washindani. Walichokubaliana ni kuonyeshana kipande na saa, basi. Mteja hatajwi, mzigo hautajwi. Nanyi andikeni kona za GPS bila jina la shamba, na mnaweza kukipanua kipande kidogo kivuke mpaka wa shamba. Ila msikipanue kifunike ufuko mzima, mtakuwa mnawanyima wenzenu.

Ramani_Naivasha:

Mzee wangu shikamoo, na wote asanteni. Nimeanza kuandika ujumbe wa mfano nikakwama kwenye urefu. Nikiandika mita 100, ni mita 100 kutoka wapi? Hapa shambani si shida, ni tambarare. Lakini ile laini ya umeme inapita ubavuni mwa Longonot, ardhi inapanda halafu inateremka kuelekea Mai Mahiu. Droni yangu inahesabu kutoka pale nilipoirushia.

Mnara_Mstaafu:

Marahaba. Hapo umegusa penyewe.

Droni yako inaweka sifuri pale ilipopaa. Ukiirusha bondeni ukaiambia mita 100, ardhi ikapanda mita 90 mbele, imebaki mita 10 juu ya mawe, na nyaya za umeme ziko juu ya hapo. Ukiirusha kilimani na ardhi ikashuka mita 80, ingawa rimoti inasoma 100, wewe uko mita 180 juu ya ardhi, karibu futi 600. Umeshaingia kwa Rubani na hujui. Kwa laini ndefu lazima utumie ramani ya mwinuko wa ardhi ndani ya mpango wa safari, na uipasue njia vipande vifupi, kila kimoja na juu yake na chini yake.

Rubani naye anasoma kitu kingine kabisa. Altimita yake inapima uzito wa hewa na kumwambia futi juu ya usawa wa bahari, kwa kufuata shinikizo aliloweka siku hiyo. Akikosea hektopaskali moja, ndicho kipimo cha shinikizo hilo, amekosea takriban futi 30. Mkikumbuka pengo lenu lote ni futi 100, hektopaskali 3 zinalimaliza. GPS nayo ina hesabu yake ya tatu, haifuati usawa wa bahari bali umbo la dunia la kihisabati, na kwetu huku tofauti ya hizo mbili inazidi mita 10. Mifumo ya UTM imechagua hiyo ya GPS ili kompyuta zote zisome namba moja. Kwenye grupu lenu msifanye hivyo, hakuna binadamu atakayeielewa. Andika urefu mara mbili: mita juu ya ardhi kwa ajili ya wenye droni, futi juu ya bahari kwa ajili ya marubani. Ziwa lenu liko kwenye mita 1,890 hivi, yaani futi 6,200. Kama shamba ni futi 6,250 na unakwenda mita 100, andika "juu kabisa futi 6,600" na umeshajiwekea akiba kidogo.

Jambo la pili, na hili nililiona kwenye kisa chako tangu mwanzo. Jirani yako hakuingia kwako kwa kupulizia. Aliingia kwa kurudi. Kila droni ina urefu wa kurudi nyumbani, na mawasiliano yakikatika au betri ikiisha inapanda mpaka hapo na kukata mstari ulionyooka bila kumuuliza mtu. Mstari huo ni sehemu ya kipande chako. Usipouandika, umeandika nusu. Kubalianeni majirani: wa kupulizia wanarudi kwenye mita 30, wa ramani kwenye mita 80, na hakuna anayeweka namba iliyokuja na droni kutoka dukani, kwa sababu hapo wote mtarudi kwenye urefu mmoja.

Kwenye ombi la kibali wanataka kuona vitu hivi hivi: vipande, urefu, waangalizi umewaweka wapi njiani, mawasiliano yakikatika inakwenda wapi, nani utampigia. Usiwaandikie kwamba utatumia mfumo wa kisasa. Waandikie majina ya viwanja vilivyo karibu na njia yako na umbali wake, maana kuna mipaka ya kilomita 10 na 7 kulingana na ukubwa wa kiwanja, na uonyeshe umeshaongea na wenye navyo.

Rubani_wa_Nyika:

Naomba niongeze mawili kabla hujatuma kitu. Mimi sisomi WhatsApp nikiwa na abiria nyuma. Ujumbe wa asubuhi ileile utanikuta niko hewani. Utume jana yake jioni kwa mtu anayepanga safari kule kambini, yeye ndiye anayetupa maelezo kabla hatujawasha injini. Kwa ile laini ya umeme, grupu halitoshi, omba itolewe NOTAM, tangazo rasmi la tahadhari kwa marubani, maana kuna wanaopita hapo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ambao hawaijui Naivasha wala grupu lenu.

La pili ni saa. Ukiandika "saa 3 hadi saa 5", mimi naelewa. Rubani mgeni aliyekuja kwa msimu atasoma saa tisa alasiri. NOTAM yenyewe itaandikwa 0600 hadi 0800, kwa sababu inafuata saa za dunia nasi tuko mbele kwa saa tatu. Andika tarakimu nne na useme ni za Kenya.

Ramani_Naivasha:

Sawa. Huu ndio ujumbe wa Alhamisi, niambieni kama una kasoro:

"RAMANI. Alhamisi 0900 hadi 1100 saa za Kenya. Kona 4 za GPS (nimeambatisha). Kuanzia ardhini hadi mita 100 juu ya ardhi. Juu kabisa futi 6,600 juu ya bahari. Kurudi nyumbani mita 80, mstari ndani ya kona hizohizo. Droni 1, uzito chini ya kilo 2. Mwangalizi 1 upande wa ziwa. Simu itapokelewa muda wote. Nitaandika NIMEMALIZA."

Kambi ya helikopta nimewapigia leo mchana. Yule dada anayepanga safari alisema ni mara ya kwanza mtu wa droni kuwapigia kabla ya kuruka badala ya wao kutafuta ni nani. Anataka ujumbe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ameomba niongeze jina la eneo linalojulikana, kwa sababu marubani wao hawaingizi kona za GPS. Nitaandika "mashariki ya ghuba ya viboko".

Jirani wa kupulizia bado hajajibu. Kesho nitampitia shambani kabla hajajaza tangi la kwanza.

Mnara_Mstaafu:

Uko sawa. Ongeza upande unaoelekea ukipaa. Na jirani ukimkuta, muulize kwanza urefu wake wa kurudi ni mita ngapi. Utashangaa wangapi hawaujui.